Kiondo Ni Ufundi, Si Kupitisha Wakati

Uliza kijana yeyote wa Kithyoko fundi ni nani. Atakutajia mwashi, mchomeleaji, jamaa wa kutengeneza pikipiki. Hatamtaja susu yake anayesokota kamba ya katani huku akitembea kwenda sokoni. Hiyo kwetu si kazi, ni "kupitisha wakati". Lakini hii tabia haikutoka hewani, bana. Ina historia.

Tuanze Wamunyu, huku huku Machakos. Wakamba walichonga vigoda na vijiko tangu zamani, na ilikuwa kazi ya wanaume. Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) vikampeleka Mutisya Munge hadi nchi ambayo leo ni Tanzania. Huko akaona watu wakichonga vinyago vya kuuza. Aliporudi akaanza kuchonga, wenzake wakajifunza, ufundi ukaenea.

Tezo ilikuwa mikononi mwa wanaume, sawa. Lakini hata safari ilikuwa yao. Kodi ya kibanda ya mkoloni ilidaiwa kwa pesa, ikawasukuma wanaume kwenda relini, jeshini na Nairobi. Mke akabaki na shamba, watoto na mifugo. Kwa hivyo mchongaji ndiye aliyefika mahali mnunuzi alipo. Mwaka wa 1963 wachongaji wa Kikamba wakawa na ushirika wao Changamwe, Mombasa. Ushirika ni karakana, duka, na sauti moja wakati wa kupanga bei.

Sasa mwangalie mama. Kiondo kilisukwa kwa nyuzi za magome ya mbuyu na mimea mingine ya porini. Mkonge uliletwa Tanganyika 1893, baadaye ukawa ua wa mashamba yetu hapa Ukambani. Mali ghafi mpya, na wanawake wakaijua vizuri: kuparua jani, kukausha, kutia rangi, kusokota juu ya paja, kisha kusuka mviringo bila kuchora popote. Hesabu yote iko kichwani.

Miaka ya 1970 na 1980 viondo vikapendwa Ulaya na Marekani. Bei ikapandia wapi? Mjini, baada ya kutiwa mikanda ya ngozi, na huyo wa mikanda mara nyingi ni mwanamume mwenye cherehani. Hata kwenye vinyago, kupiga msasa mara nyingi huachiwa wanawake, na msasa unalipa kidogo kuliko tezo.

Kwa hivyo ukiambiwa pesa hufuata ujuzi, uliza swali la pili: ujuzi wa nani, na nani ameshika kifaa cha mwisho na mlango wa soko?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi ya thamani sawa. Poa sana. Lakini susu hana mwajiri. Ana mnunuzi anayekuja na gari lake na bei yake.

Mwaka huo huo wa 2007 M-Pesa ilianza. Leo mtu wa Nairobi anaweza kumlipa msusi wa Kithyoko bila kukanyaga Kithyoko. Hiyo ni nguvu kubwa, lakini haigawanyi pesa yenyewe. Mwenye picha, ukurasa na namba ya kulipiwa ndiye anayetaja bei. Mimi nashinda kwa hii simu, na mchezo ni ule ule: msichana anayekata video "anasaidia tu", jamaa mwenye kamera ndiye "fundi" na ndiye anayelipwa.

Basi wewe mwenye simu hapo nyumbani, usikimbilie kuposti. Kaa na susu kwanza. Muulize kiondo kimoja kinamla siku ngapi, katani na rangi zinagharimu ngapi. Toa gharama kwenye bei, kinachobaki kigawanye kwa hizo siku, halafu ulinganishe na kibarua cha siku moja hapo sokoni. Mkishaona hiyo namba, pangeni bei. Na pesa iingie kwa simu yake, si yako.