Kiti cha Carmarthen: Jimbo la Vijijini na Historia ya Lugha Yake

Utangulizi

Tunapofundisha sera ya lugha katika kozi ya Isimujamii, wanafunzi wengi huja darasani wakiamini kwamba Uingereza ni nchi ya lugha moja, na kwamba lugha kunyimwa nafasi ofisini, mahakamani na bungeni ni jambo lililotokea katika makoloni tu. Dhana hiyo si sahihi. Kabla Kiingereza hakijavuka bahari kuja kwetu, kilikwishavuka mipaka ya jirani zake wa karibu, na Wales ni mmoja wao.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya jimbo moja la uchaguzi la vijijini, Carmarthen, lililoko kusini magharibi mwa Wales. Hoja yetu kuu ni kwamba sheria iliyowapa watu wa eneo hili kiti katika Bunge la London ndiyo hiyohiyo iliyoitoa lugha yao katika ofisi za serikali. Miaka 430 baadaye, kiti hicho kilikuwa mojawapo ya nyenzo zilizosaidia kuirudisha.

Carmarthen ni nchi ya malisho, ng'ombe wa maziwa na masoko ya mifugo, katika bonde la mto Tywi. Wenyeji huliita eneo hili Caerfyrddin. Mwalimu wa fonolojia atapenda kujua kwamba katika tahajia ya Kiwelisi herufi f moja husomwa kama v yetu, na dd husomwa kama dh ya neno dhahabu. Neno caer maana yake ni ngome.

Sheria ya mwaka 1536

Wales ilitekwa na Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza katika miaka ya 1282 na 1283, lakini haikuwa na wabunge wa kudumu kwa karne mbili na nusu zilizofuata. Mwaka 1536, wakati wa utawala wa Henry wa Nane, Bunge la London lilipitisha sheria ya kuiunganisha Wales na Uingereza. Kwa sheria hiyo, kaunti ya Carmarthen ilipewa mbunge mmoja na mji wa Carmarthen mbunge mmoja. Wabunge wa Wales walianza kuketi bungeni mwaka 1542.

Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kuhusu lugha. Kiliagiza kwamba shughuli za mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, na kwamba mtu anayetumia Kiwelisi asishike wadhifa wowote wala kupokea malipo yake isipokuwa akitumia Kiingereza. Wakati huo wengi wa watu wa Carmarthen hawakujua Kiingereza hata kidogo.

Matokeo yake hayatamshangaza msomaji wa Afrika Mashariki. Familia zenye ardhi zilijifunza Kiingereza na kupeleka watoto wao kusoma Uingereza, na wabunge walitoka katika familia hizo. Mkulima alibaki na lugha yake nyumbani na sokoni. Akishtakiwa, kesi yake ilisikilizwa kwa lugha asiyoielewa, kwa msaada wa mkalimani.

Lugha yapata makao mengine

Kiwelisi hakikufa, kwa sababu kilipata makao kanisani. Mwaka 1563 Bunge liliagiza Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi. Kazi ya kutafsiri Agano Jipya ilifanyika Abergwili, kijiji kilicho karibu na mji wa Carmarthen, katika makao ya Askofu Richard Davies, akisaidiana na mwanazuoni William Salesbury. Lilichapishwa mwaka 1567. Biblia nzima, iliyotafsiriwa na William Morgan, ilitoka mwaka 1588. Kwa njia hiyo Kiwelisi kilipata lugha ya maandishi ambayo watu wa kaskazini na wa kusini waliweza kuitumia kwa pamoja.

Hatua ya pili ilikuwa ya walimu. Kuanzia mwaka 1731, kasisi Griffith Jones wa kijiji cha Llanddowror, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Carmarthen, alianzisha shule za kuhamahama. Mwalimu alifika kijijini, akafundisha kwa takriban miezi mitatu, hasa majira ya baridi ambapo kazi za shamba ni chache, kisha akahamia kijiji kingine. Watu wazima walifundishwa jioni. Somo lilikuwa moja: kusoma, tena kwa Kiwelisi. Hoja ya Griffith Jones ilikuwa rahisi, kwamba mtu hujifunza kusoma upesi zaidi katika lugha anayoielewa. Kufikia kifo chake mwaka 1761, kumbukumbu za shule hizo zilikuwa zimeorodhesha zaidi ya shule 3,000 na wanafunzi zaidi ya 150,000. Hivyo, watu ambao lugha yao haikuruhusiwa ofisini walikuwa miongoni mwa wanavijiji waliojua kusoma zaidi katika Ulaya ya wakati huo.

Kura, bia na wenye ardhi

Kiti cha bunge, kwa upande mwingine, kiliendelea kuwa mali ya matajiri. Mfano maarufu ni uchaguzi wa kaunti wa mwaka 1802, ambao wenyeji huuita Lecsiwn Fawr, yaani Uchaguzi Mkubwa. Mgombea mmoja, William Paxton, alikuwa amepata utajiri wake Bengal, India. Bili ya kampeni yake inataja vifungua kinywa 11,070, milo mikuu 36,901, galoni 25,275 za bia na chupa 11,068 za pombe kali. Jumla ilizidi pauni 15,000. Pamoja na ukarimu wote huo, Paxton alishindwa.

Kura wakati huo ilipigwa hadharani, na jina la mpiga kura liliandikwa pamoja na chaguo lake. Mageuzi ya mwaka 1832 yaliongeza idadi ya wapiga kura na kuipa kaunti mbunge wa pili, lakini wengi wa wapiga kura wapya walikuwa wakulima waliokodi mashamba. Mwenye shamba alijua kila mmoja amempigia nani.

Wale ambao kiti hakikuwasemea walitafuta njia nyingine. Kati ya mwaka 1839 na 1843 wakulima wa Carmarthen na kaunti za jirani, wakiwa wamevaa nguo za kike ili wasitambuliwe, walivunja usiku mageti ya barabarani ambako walitozwa ushuru kila walipopita na mikokoteni yao. Harakati hizo hujulikana kwa jina la Rebecca.

Serikali ilianza kujiuliza kwa nini Wales haitulii. Mwaka 1846 mbunge William Williams alitaka uchunguzi ufanywe kuhusu elimu ya Wales, hasa namna watu wa kawaida watakavyojifunza Kiingereza. Jambo la kusikitisha ni kwamba Williams mwenyewe alizaliwa Llanpumsaint, kijiji cha Carmarthen, ingawa bungeni aliwakilisha mji wa Coventry, Uingereza. Wachunguzi watatu waliotumwa walikuwa mawakili Waingereza wasiojua Kiwelisi. Ripoti yao ya mwaka 1847 ililitaja Kiwelisi kuwa kizuizi cha maendeleo na cha maadili mema, na hadi leo Wawelisi huikumbuka kama usaliti.

Katika baadhi ya shule za karne hiyo, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa shingoni kipande cha ubao chenye herufi W.N. Alikivua kwa kumpata mwenzake aliyefanya kosa hilo, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Desturi hii haikuamriwa na sheria yoyote. Ilikuwa ya walimu wenyewe, na mara nyingi wazazi waliikubali kwa kuamini kwamba Kiingereza ndicho njia ya maisha. Wasomaji wa Ngũgĩ wa Thiong'o wataitambua mara moja, kwani katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, alieleza adhabu ya namna hiyohiyo katika shule za Kenya ya ukoloni.

Uchaguzi wa mwaka 1868 ulileta jambo jipya. Wakulima kadhaa wa Carmarthen na kaunti jirani ya Cardigan walipiga kura kinyume cha matakwa ya wenye ardhi, nao wakafukuzwa katika mashamba waliyokodi. Habari zao zilifikishwa bungeni na kuchangia kupitishwa kwa sheria ya kura ya siri mwaka 1872. Mwaka 1884 haki ya kupiga kura ilipanuliwa vijijini hadi kwa vibarua wengi wa mashambani, wanaume tu. Wanawake walisubiri hadi 1918, na wakalingana na wanaume mwaka 1928.

Julai 1966

Mwaka 1918 ukanda wa viwanda wa Llanelli ulitengwa, na Carmarthen ikabaki jimbo la wakulima zaidi. Kwa miaka mingi kiti kilibadilishana mikono kati ya chama cha Liberal na chama cha Labour. Mwaka 1957 alichaguliwa Megan Lloyd George wa Labour, binti wa waziri mkuu wa zamani David Lloyd George.

Wakati huo lugha ilikuwa inarudi nyuma. Kwa mujibu wa sensa, wasemaji wa Kiwelisi walipungua kutoka takriban asilimia 43 ya watu wa Wales mwaka 1911 hadi asilimia 26 mwaka 1961. Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa mhadhara redioni ulioitwa Tynged yr Iaith, yaani Hatima ya Lugha, akionya kwamba mwenendo huo ukiendelea lugha itakufa mwanzoni mwa karne ya 21. Mwaka huohuo vijana waliunda Chama cha Lugha ya Kiwelisi, wakaanza kudai hati za mahakama na fomu za serikali kwa lugha yao.

Megan Lloyd George alifariki Mei 1966, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 14 Julai. Mshindi alikuwa Gwynfor Evans, kiongozi wa Plaid Cymru, chama cha kitaifa cha Wales. Miezi minne kabla yake alikuwa wa tatu katika jimbo hilo, kwa kura 7,416. Safari hii alipata 16,179 na kumshinda mgombea wa Labour kwa kura 2,436. Alikuwa mbunge wa kwanza wa chama chake tangu kilipoanzishwa mwaka 1925.

Walimu wa lugha wana sababu ya pekee ya kumkumbuka Evans. Alizaliwa mwaka 1912 mjini Barry, katika nyumba iliyozungumza Kiingereza, na Kiwelisi alijifunza akiwa kijana. Baadaye alihamia Llangadog, Carmarthen, akalima mboga na nyanya. Mtetezi mkubwa wa lugha hii katika siasa za karne ya 20 alikuwa, kwa istilahi zetu, mjifunzaji wa lugha ya pili.

Alipofika bungeni aliomba kuapa kwa Kiwelisi, akakataliwa. Alijibu kwa kuuliza maswali ya maandishi kwa wingi kuhusu hali ya Wales, na majibu ya serikali yakachapishwa kwa jina la Kitabu Cheusi cha Carmarthen. Jina hilo lilichezea lile la hati ya mashairi ya karne ya 13, mojawapo ya hati za kale kabisa za Kiwelisi. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Lugha ya Kiwelisi, iliyompa kila mtu haki ya kusema Kiwelisi mahakamani nchini Wales. Maandalizi ya sheria hiyo yalikuwa yameanza kabla ya ushindi wa Evans, lakini ushindi huo uliifanya serikali isiweze kulipuuza suala la lugha.

Evans alishindwa mwaka 1970. Februari 1974 alishindwa tena kwa kura tatu tu: 17,165 dhidi ya 17,162. Oktoba mwaka huohuo alirudi kwa ushindi wa kura 3,640. Ni mwaka 1974 ambapo wabunge wa Wales waliruhusiwa kuapa kwa Kiwelisi baada ya kuapa kwa Kiingereza. Julai ya mwaka huo, Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya.

Evans alipoteza kiti mwaka 1979. Serikali mpya ilipoacha ahadi yake ya kuanzisha televisheni ya Kiwelisi, alitangaza mwaka 1980 kwamba atasusia chakula hadi kufa kuanzia Oktoba. Septemba serikali ilibadili msimamo, na kituo cha S4C kikaanza kurusha matangazo Novemba 1982.

Jimbo na lugha leo

Mwaka 1993 sheria mpya iliagiza Kiwelisi na Kiingereza vitendewe kwa usawa katika huduma za umma za Wales, na ikafuta kilichokuwa kimebaki cha sheria ya 1536. Mwaka 2011 Kiwelisi kilitamkwa rasmi kuwa lugha ya taifa hilo. Jimbo la Carmarthen liligawanywa mwaka 1997, kisha likaundwa upya kwa uchaguzi wa Julai 2024. Safari hii jina lake rasmi ni la Kiwelisi pekee: Caerfyrddin. Mshindi alikuwa Ann Davies wa Plaid Cymru.

Hata hivyo, sensa inatoa picha nyingine. Katika kaunti ya Carmarthen waliosema Kiwelisi walikuwa asilimia 50.3 mwaka 2001, 43.9 mwaka 2011, na 39.9 mwaka 2021. Lugha imepata sheria, televisheni na jina la jimbo, huku ikipoteza wasemaji katika vijiji vilivyoitunza ilipokuwa haina lolote kati ya hayo.

Hitimisho

Sisi wa Uganda tuna sababu ya kuisoma historia hii kwa makini. Tangu marekebisho ya mwaka 2005, Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Nafasi ya lugha, basi, iko mikononi mwa wabunge, kama ilivyokuwa Carmarthen, na ni halali tuwaulize wagombea wetu wana mpango gani nayo. Lakini Carmarthen inatuonyesha pia kwamba sheria haizai wasemaji. Katika karne ya 18, bila msaada wowote wa sheria, walimu wa miezi mitatu mitatu walifundisha vijiji vizima kusoma. Katika karne ya 21, sheria ikiwa upande wa lugha, idadi ya wasemaji inashuka. Tudai sheria, ila tusiache kuhesabu ni wanafunzi wangapi wanaotoka madarasani mwetu wakiweza kuzungumza Kiswahili, na wangapi wanaendelea kukizungumza wakifika nyumbani.