Nairobi Expressway: Nani anaepuka foleni, na kwa bei gani?

Ukitua Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jioni na unaelekea Westlands, una chaguo mbili: ukae kwenye foleni ya Mombasa Road, au ulipe upite Nairobi Expressway.

Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Inafuata Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way, na kuna sehemu imepandishwa juu ya nguzo.

Nani aliijenga?
Ni kampuni ya China ya CRBC, kwa ubia na serikali ya Kenya. Ujenzi ulianza 2020, magari yakaruhusiwa Mei 2022. Kampuni ya Moja Expressway inakusanya ada kwa miaka 27 ili fedha za ujenzi zirudi, kisha barabara inakabidhiwa serikali.

Unalipa kiasi gani?
Inategemea aina ya gari na umbali. Mwaka 2022, gari dogo lililotoka Mlolongo hadi Westlands lililipa Sh360. Januari 2024 ada hiyo ikapanda hadi Sh500. Unaweza kulipa taslimu, kwa kadi, au kwa kifaa cha kielektroniki kinachobandikwa kwenye kioo cha gari.

Nani haruhusiwi?
Wanaotembea kwa miguu, baiskeli, bodaboda na tuktuk. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 80 kwa saa.

Je, foleni imeisha?
Kwa anayelipa, safari imekuwa fupi sana. Lakini piga hesabu: kwa ada ya 2024, kwenda na kurudi ni Sh1,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, hiyo ni Sh22,000 kwa mwezi, mafuta bado. Wengi hawaziwezi.

Matatu nazo nyingi hubaki chini, kwa sababu abiria wao wanapanda na kushuka njiani, na huko juu hakuna vituo.

Dar es Salaam ilianza na njia nyingine mwaka 2016: ilitenga njia za mabasi ya mwendokasi, ili mwenye nauli tu naye aikwepe foleni. Mabasi yakiwa machache, abiria hurundikana vituoni.

Kwa hiyo Expressway imepunguza foleni kwa mwenye gari na pesa ya ada. Abiria wa matatu bado anasubiri zamu yake.