Eusébio Aliondoka kwa Siri, Miquissone Akaagwa Msimbazi

Mashabiki wa Simba walimjua Luís Miquissone kwa maumivu kabla hawajampenda. Agosti 25, 2019, kwenye Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, winga huyo wa UD Songo ya Msumbiji aliuweka mpira wa adhabu chini, akaupiga, na nyavu za Simba zikatikisika mapema kipindi cha kwanza. Mechi ya awali mjini Beira ilikuwa imekwisha bila bao. Erasto Nyoni alisawazisha kwa penalti dakika za lala salama, lakini sare ya 1-1 haikufaa kitu. Kwa kanuni ya bao la ugenini, Simba waliokuwa wamefika robo fainali ya Afrika msimu uliotangulia walitolewa raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2020, mtu yuleyule aliyewaliza akavalishwa jezi nyekundu ya Msimbazi, makao ya Simba.

Hadithi ya jinsi alivyokuja kupendwa, kisha akaondoka, ina maana yake ukiitazama kutoka Diaca. Diaca ni tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, kwenye barabara inayoshuka kutoka uwanda wa juu wa Mueda kuelekea pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka pwani hiyo hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 500. Kwenda Maputo, mji mkuu wao wenyewe, ni zaidi ya 1,600. Wamakonde wako kaskazini na kusini mwa Mto Ruvuma. Babu zao walivuka kwenda kukata mkonge Tanganyika, na vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, wengine walivuka tena kama wakimbizi na wapiganaji, huku jeshi la Wareno likiweka kambi pale Diaca kulinda njia ya kwenda Mueda. Kiswahili kimepita njia hizohizo, na mpira umekifuata. Si ajabu basi kumkuta shabiki wa Simba au mtani wake Yanga kusini mwa Ruvuma, anayeijua Kariakoo, mtaa wa klabu hizo, kwa kuisikia tu redioni.

Mashabiki wa Simba walimbatiza Miquissone jina la Konde Boy, wakimfananisha na Harmonize, mwanamuziki Mmakonde wa Mtwara. Jukwaani hakuna anayeulizwa cheti cha ukoo. Kwa jina hilo walimfanya ndugu wa upande wa pili wa mto.

Nchi ya Msumbiji imewatoa wachezaji wakubwa kwa zaidi ya miaka 70, na kwa muda mrefu waliobaki hawakupata hata nafasi ya kupunga mkono. Mwaka 1951, Sebastião Lucas da Fonseca, aliyejulikana kama Matateu, alichukuliwa kutoka Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, akaenda Belenenses ya Lisbon. Mara mbili aliibuka mfungaji bora wa ligi ya Ureno. Mwaka 1954 akafuata Mário Coluna, aliyekuja kuwa nahodha wa Benfica na wa timu ya taifa ya Ureno. Mwaka 1958 akaenda Hilário, beki wa kushoto, kwa Sporting. Klabu kadhaa za Lourenço Marques zilikuwa matawi ya klabu za Lisbon, na tawi huwa halina kauli mti unapotaka matunda. Kijana akiiva, meli au ndege humchukua. Watu wa mitaa ya mabati waliomtazama akicheza peku husoma habari zake gazetini.

Aliyeondoka kwa siri kuliko wote ni Eusébio da Silva Ferreira, mtoto wa mtaa wa Mafalala. Alikuwa akiichezea Sporting ya Lourenço Marques, tawi la Sporting ya Lisbon, na kwa mazoea ya wakati ule angekwenda kwa klabu mama. Benfica wakapita nyuma, wakazungumza na mama yake, Elisa. Desemba 1960 akapandishwa ndege akiwa na miaka 18, na katika mawasiliano ya Benfica alitajwa kwa jina la mwanamke, Ruth Malosso, ili Sporting wasishtuke. Alipofika Ureno akafichwa siku kadhaa kwenye hoteli huko Algarve mpaka kelele zitulie. Mafalala ilikuja kugundua tu kwamba kijana hayupo.

Miezi sita kabla ya safari hiyo, Juni 16, 1960, askari wa Kireno walikuwa wamefyatulia risasi umati wa watu pale Mueda, juu kidogo ya Diaca. Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu yalitokea katika nchi moja, chini ya utawala mmoja, mwaka mmoja. Watu wa kaskazini waliokwenda kuomba haki yao walipigwa risasi. Kijana wa kusini mwenye kipaji alisafirishwa kwa jina la kubuni, na miaka 6 baadaye alifunga mabao 9 kwenye Kombe la Dunia akiwa na jezi ya Ureno. Klabu za Italia zilipomtaka, Eusébio mwenyewe alisimulia baadaye, dikteta Salazar alizuia asiuzwe. Alitolewa kwao bila watu wa mtaa wake kuulizwa, kisha hata yeye akakataliwa ruhusa ya kwenda alikotaka. Alipofariki Januari 5, 2014, jeneza lake lilizungushwa uwanjani Estádio da Luz mbele ya maelfu ya watu wa Lisbon. Ilikuwa heshima kubwa na aliistahili. Lakini mtaa uliomlea haukuwa umepata kumuaga yule kijana wa miaka 18.

Kaskazini mwa Ruvuma, upande wa Tanzania, mambo yalikwenda tofauti kidogo. Miaka ya 1970 Sunday Manara wa Yanga, aliyeitwa Computer kwa jinsi alivyokokotoa pasi, alikwenda kucheza Heracles ya Uholanzi, Mtanzania wa kwanza kuvuka hivyo kwenda Ulaya kama mchezaji wa kulipwa. Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ilikutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa, ikamwona kijana mwembamba aitwaye Mbwana Samatta, na mwaka huohuo ikamchukua. Simba walihuzunika, ila ilikuwa huzuni yenye fahari. Miaka mitano baadaye, Samatta alipotawazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, kila mtu Msimbazi alikumbuka alikopita.

Mganda Emmanuel Okwi aliwafundisha somo jingine. Aliondoka Januari 2013 kwenda Étoile du Sahel ya Tunisia, na kabla mwaka haujaisha akatokea Jangwani amevaa njano na kijani ya Yanga. Akarudi Simba mwaka 2014, akaenda Denmark 2015, akarudi tena 2017. Tangu wakati huo shabiki wa Kariakoo anaaga kwa jicho moja, jicho la pili linatazama mlango wa mtani.

Nirudi kwa Miquissone, maana msimu wake wa 2020/21 unahitaji nafasi. Februari 23, 2021, Al Ahly ya Misri ilitua Dar es Salaam ikiwa bingwa wa Afrika, imetoka Qatar siku chache nyuma na nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia la Klabu. Uwanja ulikuwa umeshabadilishwa jina na kuwa Benjamin Mkapa, kumuenzi rais mstaafu mzaliwa wa Masasi aliyefariki Julai 2020. Kipindi cha kwanza Miquissone alipata mpira nje ya boksi, akaachia shuti zito lililokwenda juu kabisa ya goli, na kipa Mohamed El Shenawy akabaki kulitazama. 1-0, na ikabaki hivyo mpaka mwisho. Mwezi uliofuata alifunga tena Simba ilipoichapa Al Merrikh ya Sudan 3-0. Simba wakaongoza kundi kwa pointi 13, juu ya Al Ahly yenyewe, kabla Kaizer Chiefs hawajawatoa robo fainali kwa kipigo cha 4-0 Johannesburg ambacho ushindi wa 3-0 nyumbani haukuweza kukifuta. Ligi wakaichukua kwa mara ya nne mfululizo.

Wakati huohuo, kaskazini mwa nchi yake hakukuwa na mpira. Waasi waliokuwa wameanza mashambulizi Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017 waliuteka mji huo Agosti 12, 2020, na barabara ya Diaca ikawa uwanja wa vita. Watu walikimbilia Mueda, Nangade, Pemba, Nampula. Maelfu walivuka Ruvuma kuingia Tanzania, na wengi wao wakarudishwa kupitia Negomano. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji Agosti 8, 2021. Kwa hiyo mwaka mzima ambao Msumbiji mmoja alishangiliwa Dar es Salaam kuliko karibu mchezaji yeyote wa kigeni ndio mwaka ambao wenzake walikuwa wakitafuta pa kulala. Hakuna bao linalofidia hilo. Lakini nasimama kwenye hili: pale jina la Msumbiji lilipotajwa kwenye taarifa za habari kwa ajili ya vichwa vya watu vilivyokatwa na nyumba zilizochomwa, uwanja wa Mkapa ulilitaja kwa furaha, na hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Agosti hiyohiyo ya 2021 Miquissone akaondoka. Pitso Mosimane, kocha aliyewahi kuwa naye Mamelodi Sundowns na ambaye bao la Dar lilimwumiza akiwa benchi la Al Ahly, alimtaka Cairo. Clatous Chama wa Zambia, kiungo aliyekuwa akimlisha mipira, akaenda RS Berkane ya Morocco dirisha lilelile. Na kama hiyo haikutosha, msemaji wa klabu Haji Manara, mtoto wa yule Sunday Manara Computer, akahamia Yanga. Salamu zilimiminika mitandaoni: picha za bao la Al Ahly, dua, asante kwa Kiswahili na Kireno cha kuombaomba, na wengine wakiulaumu uongozi kwa kuuza miguu miwili ya timu kwa mpigo. Ilipofika Simba Day, Septemba, Miquissone na Chama walikuwa wamekwenda. Hili bado naliona ni kosa la klabu zetu. Mchezaji wa namna hiyo alistahili dakika kumi uwanjani, kipaza sauti, na watu waliolipa kiingilio kumtazama wamwambie kwa midomo yao.

Gharama ilionekana haraka. Septemba 25 Yanga waliwafunga kwenye Ngao ya Jamii kwa bao la Fiston Mayele. Oktoba, Jwaneng Galaxy ya Botswana, iliyokuwa imefungwa 2-0 kwao, ilikuja Dar ikashinda 3-1 na kuwatoa. Yanga wakatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Chama aliitwa arudi Januari 2022.

Miquissone hakupata nafasi ya kudumu Cairo, akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia, na Julai 2023 Simba wakamrudisha. Agosti 6, kwenye Simba Day dhidi ya Power Dynamos, alipokewa kama mtoto aliyerudi safarini. Kasi ile ya 2021 haikurudi naye. Katikati ya mwaka 2024 klabu ilimwachia, na safari hii hapakuwa na kelele. Dirisha hilohilo Chama alitangazwa na Yanga, na hasira zote za Msimbazi zilikwenda kwake. Ninaowajua wa Simba wakimzungumza Miquissone leo wanaruka ule mwaka wa mwisho bila kusita. Wanaanza na Al Ahly, kisha wanabishana kama kipa angeweza kuufikia mpira ule.