Kiteso huandikwaje? Herufi za lugha iliyogawanywa na mpaka wa Malaba

Katika Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia nchini Kenya, lipo eneo ambalo jina lake huonekana kwa maandishi mawili: Angurai na Ang'urai. Msomaji wa Kiswahili atalisoma la kwanza kwa sauti ya "ngoma" na la pili kwa sauti ya "ng'ombe". Matamshi ya wenyeji ni hayo ya pili. Tofauti hiyo ya alama moja inadhihirisha jinsi Kiteso kinavyoandikwa, na kwa nini maandishi yake huwatatiza watu wa mpakani.

Kiteso, ambacho wenyewe hukiita Ateso, ni lugha ya Kiniloti cha Mashariki, jamaa ya Kikaramojong na Kiturkana. Huzungumzwa Busia upande wa Kenya, na Tororo, Kumi na Soroti upande wa Uganda. Mwaka 1902 Uingereza iliuondoa uliokuwa Mkoa wa Mashariki katika himaya ya Uganda na kuuunganisha na himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Lugha moja ikabaki chini ya serikali mbili.

Herufi zilizopo na zisizokuwepo

Kiteso huandikwa kwa herufi za Kilatini, zilizoenezwa na wamisionari. Mmoja wao, A. L. Kitching, alichapisha kitabu cha mwongozo wa lugha hiyo mwaka 1915, na Biblia nzima ikatolewa mwaka 1961.

Herufi c husomwa kama "ch" ya Kiswahili. Sauti ya "ng'" ina herufi yake, ŋ, lakini kwa kuwa haipatikani katika simu na kompyuta nyingi, wengi huandika "ng" tu. Herufi f na h hutumika katika maneno ya mkopo pekee; q, v, x na z hazitumiki. Tofauti na Kiswahili, maneno mengi huandikwa yakiishia konsonanti: etop ni nyota, elap ni mwezi, akoloŋ ni jua.

Sauti zisizoandikwa

Kiteso kina irabu tisa, lakini huandikwa kwa herufi tano: a, e, i, o, u. Aidha, kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana, ilhali maandishi ya kawaida hayaweki alama yoyote. Zipo pia irabu zinazonong'onwa mwishoni mwa maneno, ambazo sikio geni huzikosa.

Kithai, lugha nyingine yenye toni, kilifuata njia tofauti. Kina herufi 44 za konsonanti. Irabu huandikwa kabla, baada, juu au chini ya konsonanti, na alama nne husaidia kuonyesha toni. Mwanafunzi wa Kithai hubeba mzigo mkubwa anapojifunza herufi. Mwanafunzi wa Kiteso huzijifunza upesi, kisha hutegemea muktadha ili ajue neno lililokusudiwa.

Athari zake mpakani

Uganda ilianza mwaka 2007 mtaala unaotumia lugha za wenyeji katika madarasa ya kwanza ya msingi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaitaka dola kukuza na kulinda lugha za asili. Hivyo kitabu cha Soroti kinaweza kumfaa mtoto wa Amukura, ila mtoto aliyezoea "ch" ya Kiswahili sharti aelezwe kwanza kuhusu c. Jina la Chakol, huko Teso Kusini, lingeanza kwa C kama lingefuata alfabeti ya Kiteso.

Ndivyo ilivyo kwa majina ya watu. Jina lenye sauti ya ŋ linaweza kuandikwa kwa "ng" katika cheti cha kuzaliwa na kwa "ng'" katika kitambulisho. Kwa masikio ya jamaa ni jina lilelile. Kwa mashine ni majina mawili. Kwa anayejaza fomu, lililo salama ni kufuata tahajia iliyomo katika hati yake, herufi kwa herufi, hata kama si hiyo angeichagua mwenyewe.