Dance Theatre of Harlem
Jumuiya ya baleti isiyotafuta faida, iliyoasisiwa New York mwaka 1969 na Arthur Mitchell, mtu mweusi aliyekwisha kufikia daraja ya juu katika New York City Ballet, pamoja na mwalimu wake Karel Shook, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King kumtia Mitchell azma ya kuwafunza watoto wa Harlem fani iliyodhaniwa kuwa milki ya weupe. Soksi na viatu, ambavyo kwa desturi vilikuwa vya waridi, vilitiwa rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Jambo dogo machoni, lakini, kwa insafu, lilishinda hotuba nyingi. Mwaka 1984 jumuiya ilihamishia hadithi ya baleti ya Giselle Louisiana, miongoni mwa weusi huru. Madeni yalilisimamisha kundi mwaka 2004, likarejea jukwaani 2012.