Lumumba na Chimbuko la Msaada wa Kitaaluma Dar es Salaam

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha siasa cha TANU, Mtaa wa Lumumba, pale Kariakoo inapokutana na Mnazi Mmoja, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14 waliosomea shahada ya Chuo Kikuu cha London. Kwa uchache huo, msaada wa kitaaluma uliweza kutolewa bila ofisi wala mratibu wake, kwa kuwa katika semina, yaani kikao cha kikundi kidogo ambamo mwanafunzi hutetea hoja zake mbele ya mhadhiri na wenzake, upungufu wa kila mmoja ulionekana mapema. Ukaribu wa namna hiyo ni hazina ambayo kumbi za mamia ya wasikilizaji haziwezi kuirudisha.

Chuo kilihamia kampasi ya Mlimani mwaka 1964, lakini katikati ya jiji kazi hiyo ya msaada wa kitaaluma iliendelezwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere, Uganda, na kujitegemea mwaka 1975. Taasisi hiyo iliendesha madarasa ya jioni pamoja na elimu kwa njia ya posta, ambamo mwanafunzi hupelekewa masomo yaliyochapwa, akarudisha majibu na kupokea masahihisho. Azimio la Musoma la TANU la mwaka 1974, lililotaka waombaji wa chuo kikuu wawe wamekwisha kufanya kazi, liliongeza uzito wa huduma hizo, maana aliyeacha darasa miaka kadhaa alihitaji kuzoezwa upya kusoma na kuandika kitaaluma.