Motokaa ya Umeme: Kizuri Kisichojiuza

Vijana wengi wanaoniuliza habari za magari ya umeme hudhani kuwa ni uvumbuzi wa juzi. Nami, kwa kuwa nilifundisha historia miaka mingi, huwarudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja, maana jambo hili lina somo kwetu sisi tunaohesabu shilingi kabla ya kuitoa.

Mwaka 1899, karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha motokaa ya umeme kwa kasi iliyopita kilomita 100 kwa saa. Hakuna motokaa ya aina yoyote iliyokuwa imewahi kufika hapo. Mwaka uliofuata Marekani ilitengeneza motokaa 4,192. Kati ya hizo, 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Ile ya petroli, ambayo leo tunaiona kuwa ndiyo motokaa yenyewe, ilikuwa ya mwisho darasani.

Wala si ajabu. Motokaa ya petroli ilipiga kelele, ilitoa moshi, na ilibidi kuzungushwa kwa hendeli iliyoweza kumvunja mtu mkono. Ya umeme iliwaka bila taabu na kwenda kimya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona basi kizuri hiki hakikujiuza?

Sababu ni kadhaa. Betri zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Vijijini hapakuwa na umeme. Mafuta mengi yaligunduliwa Texas mwaka 1901, na mwaka 1912 Cadillac ilianza kuuzwa ikiwa na stata ya umeme, hendeli ikastaafu. Lakini sababu ninayoipa uzito zaidi ni bei. Watengenezaji wa motokaa za umeme waliwageukia matajiri wa mijini. Walizipamba ndani kwa vitambaa vya thamani mfano wa sebule ndogo, na kufikia mwaka 1910 nyingi ziliuzwa kwa karibu dola 3,000. Henry Ford alishika njia nyingine. Model T yake ilitoka mwaka 1908 kwa kama dola 850. Mwaka 1913 akaanza kuiunda kwenye mkanda unaotembea, na kufikia mwaka 1925 ile ya bei ya chini kabisa iliuzwa dola 260. Mkulima akainunua. La kuchekesha ni kwamba Clara, mkewe Ford, mwenyewe alikuwa akiendesha Detroit Electric, motokaa ya umeme! Nyumbani kwa Ford kizuri kilijulikana. Sokoni kilishinda kinachonunulika.

Kwa maoni yangu, anasa iliipa motokaa ya umeme heshima, ikainyima wanunuzi.

Sisi nasi tunaujua ugonjwa wa kununua heshima. Baada ya uhuru, neno Wabenzi lilienea Afrika Mashariki kuwaita wakubwa waliotambulika kwa Mercedes-Benz zao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha, lakini tamaa ya gari kubwa haikuzikwa. Baadaye ilirudi kwa jina la shangingi. Sisemi kuwa magari hayo ni mabovu. Land Cruiser hudumu, na kwenye matope ya masika ina thamani yake. Ninachouliza ni hiki: linambeba nani, na linampeleka wapi?

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulikuwa na Land Rover moja kwa wanachuo zaidi ya 300. Ilisambaza wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, ilibeba mahindi, na usiku ilikimbiza wagonjwa hospitali. Kila mwezi nilikagua kitabu cha safari: tarehe, mahali, kilomita, lita. Hakikuwa na safu ya kuandika heshima ya aliyepanda. Hapo ndipo nilipojifunza kupima gari. Chukua bei, mafuta, vipuri na matairi, ujumlishe, kisha ugawanye kwa kazi iliyofanyika. Gari la anasa linalombeba mtu mmoja kwenda kikaoni hushindwa hesabu hii, hata likitumia umeme.

Lazima niseme pia kwamba anasa yaweza kuwa mlango. Tesla ilianza mwaka 2008 na gari la zaidi ya dola 100,000, ndipo mwaka 2017 ikatoa Model 3 ya bei ya chini zaidi. Lakini mlango si nyumba. Asiyepita mlangoni hulala nje.

Kwetu naona umeme unaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2024 Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji na upungufu wa fedha za kigeni za kununulia mafuta, ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Rwanda nayo iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Hapo anayehusika ni kijana wa bodaboda. Yeye huhesabu kila jioni: nimeingiza kiasi gani, nimetoa kiasi gani, nimebaki na nini nyumbani. Betri ikimwachia zaidi kuliko petroli, ataichukua bila kuhubiriwa. Isipomwachia, hotuba zetu hazitamgeuza.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kujua kama motokaa ya umeme imeshinda safari hii, usiende kuangalia maegesho ya wakubwa. Muulize yule kijana hesabu zake.